Nani alitia bildi? Ubishi wa mwanzo na mwisho wa ulimwengu barazani Malindi

Usiku wa Jamhuri, Desemba iliyopita, tulikuwa watu saba barazani Shela, hapa Malindi. Kaskazi inavuma polepole, dele la kahawa liko juu ya makaa, kashata zimeisha mapema kama kawaida yake. Kijana mmoja akatufungulia video kwenye simu. Msemaji wa video ile alikuwa na sauti ya mtangazaji wa mpira. Alisema sayansi imethibitisha Mlipuko Mkuu, ile nadharia ya mwanzo wa ulimwengu, na Mlipuko Mkuu umo ndani ya Kurani kwa karne 14 sasa, kwa hiyo mjadala umekwisha. Dakika 3 tu, na mwanzo wa kila kitu umeshafungwa.

Mjadala haukwisha. Mwalimu wa fizikia, jirani yangu, alisema msemaji amechanganya mambo. Ustadh akamuuliza amechanganya nini, aya au sayansi. Bwana mmoja muuza vipuri vya pikipiki akasema hayo yote ni maneno ya wazungu, leo hivi kesho vile. Mwalimu akapandisha sauti. Kijana akairudisha video mwanzo, kana kwamba kuisikiliza mara ya pili kutaiongezea ushahidi. Na nahodha, mzee wetu aliyeiacha bahari kwa sababu ya magoti, akaweka finjani chini, akauliza neno moja: "Huyo asemaye, alipimaje?" Kwa lugha ya chomboni: nani alitia bildi, ile risasi ya kamba ya kupimia kina cha maji?

Hakuna aliyemjibu. Walikuwa wanapigiana kelele.

Wengi wakisikia kisa kama hiki husema ni yale yale, dini imegongana na sayansi. Mimi sioni hivyo. Waliogongana zaidi usiku ule walikuwa mwalimu na muuza vipuri, na kati yao hakuna aliyetaja aya hata moja. Kilichotuharibia ubishi ni kwamba hakuna aliyekuja tayari kushindwa. Kila mmoja alikuwa na dai ambalo, litokee litakalotokea, halianguki. Ni kama kucheza bao ambalo kete haziliwi: mtakesha hapo, na alfajiri hakuna mshindi wala mshinde.

Ajabu yake, sisi watu wa pwani twajua kubishana vizuri zaidi ya hivyo. Tazama mwandamo wa mwezi. Shaabani ikifika 29, mtu akaja mbio kutoka ufuoni akasema ameuona, hapewi kahawa na pongezi. Anahojiwa. Ulisimama wapi? Jua lilikuwa limetua kitambo gani? Mwezi ulikuwa upande gani wa pale jua lilipozama? Pembe zake zilielekea wapi? Hapa kwetu, nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, mwezi mchanga hulala chali kama dau lililopwelewa, pembe zikitazama juu. Mtu akija kusema aliuona umesimama wima kama ule wa kwenye bendera, wazee hutazamana tu, wala haambiwi kitu. Amejianika mwenyewe. Dai lake lilikuwa na pembe za kushikika, na limeshikwa.

Hilo ndilo ninalolitafuta katika ubishi wa ulimwengu: dai lenye pembe. Na nikitazama historia ya ubishi huu, naona waliousogeza mbele ni wale waliokubali kushikwa pembe, hata kama wenyewe walikuwa wakaidi.

Mwaka 1927 Georges Lemaître, padri Mkatoliki wa Ubelgiji aliyekuwa pia mwanafizikia, aliandika kwamba ulimwengu unatanuka. Miaka 2 baadaye Edwin Hubble, huko Marekani, alichapisha vipimo vya galaksi vilivyoonyesha kwamba galaksi ikiwa mbali zaidi ndivyo inavyozidi kasi ya kutukimbia. Lemaître akairudisha hesabu nyuma. Kama vitu vinaachana leo, basi jana vilikuwa karibu zaidi, na ukirudi nyuma vya kutosha utafika pahali ambapo kila kitu kilikuwa kimebanana pamoja.

Fred Hoyle wa Cambridge hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Mwaka 1948 yeye na wenzake, Hermann Bondi na Thomas Gold, walileta nadharia yao: ulimwengu unatanuka kweli, lakini hauna mwanzo. Maada mpya huzuka kidogo kidogo kujaza nafasi zinazoachwa, na sura ya ulimwengu inabaki ile ile, milele nyuma na milele mbele. Mwaka 1949, akizungumza kwenye redio ya BBC, Hoyle ndiye aliyeliita wazo la wapinzani wake "Big Bang", yaani huu Mlipuko Mkuu. Jina likaganda. Mtoto wa watu amepewa jina na asiyempenda.

Na jina lenyewe ni bovu, tena kwa Kiswahili limekuwa bovu zaidi. Ukisema mlipuko, mtu wa hapa anafikiria baruti inayotumika kuvunjia matumbawe, au mtungi wa gesi jikoni: kitu kimepasuka pahali fulani, vipande vikaruka kwenye uwazi uliokuwapo tangu hapo. Kumbe wanachosema si hicho. Wanasema uwazi wenyewe ndio unaokua. Mimi ningeuazima msamiati wa jikoni. Unga wa mahamri ukikandwa usiku ukaachwa, alfajiri umeumuka. Punje za iliki zilizokuwa zimegusana sasa zimeachana, na hakuna punje iliyotembea. Unga ulio katikati yao ndio uliokua. Ukisimama juu ya punje yoyote utaona nyenzako zote zinakukimbia, na ile ya mbali inakimbia zaidi. Ulimwengu unaumuka. Tofauti ni kwamba unga una bakuli na huu hauna, na hapo ndipo mfano wangu unapokwama. Lakini bado ni afadhali kuliko baruti.

Turudi kwa Hoyle. Namheshimu, kwa sababu nadharia yake ilikuwa na pembe ndefu. Kama ulimwengu haujabadilika kamwe, basi ukitazama mbali sana, ambako nuru yake imesafiri kwa mabilioni ya miaka, uone hali ile ile iliyopo karibu. Martin Ryle, hapo hapo Cambridge, alihesabu vyanzo vya mawimbi ya redio angani, akakuta vilivyo mbali ni vingi kuliko nadharia hiyo inavyoruhusu. Na kama upande wa pili ndio wenye haki, kwamba mwanzo ulikuwa wa moto, basi joto lile lazima liwe limebaki, limepoa, limetawanyika kila upande. Ralph Alpher na Robert Herman walilitabiri mwaka huo huo wa 1948, wakakisia nyuzi 5 hivi juu ya baridi ya mwisho kabisa. Wachache sana walijishughulisha kulitafuta.

Mwaka 1964, huko New Jersey, Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa na antena yenye umbo la pembe na tatizo la kelele. Kelele haikwisha. Waligeuza antena huku na huku, usiku na mchana, kelele ile ile. Wakakuta njiwa wamejenga ndani, wakawatoa, wakasugua kinyesi chao kwa mikono yao. Kelele ikabaki. Ilikuwa joto la nyuzi 3 hivi juu ya baridi ya mwisho, likija kutoka kila upande wa mbingu, na kwa sasa limepimwa kuwa kelvini 2.7. Walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1978. Msomaji anayezikumbuka TV za zamani, kabla Kenya haijazima mitambo ya analogi mwaka 2015, anazikumbuka chenga zilizojaa kioo stesheni ikifungwa. Sehemu ndogo ya chenga zile, kama asilimia 1, ilikuwa ni joto hilo hilo. Nyumba nzima tulikuwa tunatazama mabaki ya mwanzo wa ulimwengu na kumwambia mtoto apande darini akageuze antena.

Hoyle hakukubali. Mpaka anakufa mwaka 2001 alikuwa bado anatafuta namna ya kuifufua nadharia yake. Lakini haikusaidia. Dai lenye pembe halingoji ruhusa ya mwenyewe ili lianguke, na hicho ndicho kinacholitofautisha na maneno ya muuza vipuri na ya video ya kijana.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Usiku ule tulibishana kana kwamba vipimo vyote hivi vilifanywa na watu wa mbali, katika nchi za mbali, na sisi kazi yetu ni kukubali au kukataa tu. Na tulikuwa tumekaa kama kilomita 30 kutoka Ngomeni.

Mtu wa Malindi anajua habari za San Marco, kituo cha kurushia setilaiti, kama anavyojua habari za jirani mwenye ukuta mrefu. Majukwaa ya chuma yamesimama baharini kwenye Ghuba ya Ungwana, miguu yao majini, na wavuvi wa Ngomeni wameyazoea kama walivyozoea matumbawe. Yaliwekwa na Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio miaka ya 1960, na setilaiti ya kwanza ilirushwa hapo mwaka 1967. Sababu ya kuchagua pwani hii ni ya kinahodha kabisa. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na penye ikweta ndipo inapokwenda kasi zaidi, kiasi cha kilomita 1,670 kwa saa. Ukirusha roketi kutoka hapa kwenda mashariki, unaondoka na maji yanayokwenda. Tena mbele yako ni bahari tupu, hakuna paa la mtu.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi aina ya Scout iliondoka hapo ikiwa na setilaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo 140 hivi. Msimamizi wa mradi, mama mmoja mhandisi aitwaye Marjorie Townsend, aliipa jina la siku yenyewe: Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu ya kutazama mbingu kwa eksirei. Eksirei za angani hazifiki chini, hewa inazizuia zote, na tushukuru kwa hilo. Kwa hiyo kabla ya hapo wanasayansi walikuwa wakichungulia kwa dakika chache tu, kwa roketi zinazopanda na kuanguka. Uhuru ilikaa juu kwa zaidi ya miaka 2, ikizunguka karibu na mstari wa ikweta, mbali na ukanda wa mionzi ulio juu ya kusini mwa Atlantiki ambao ungeivurugia vipimo.

Ilirudi na nini? Orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Kimoja wapo, Cygnus X-1, kilikuwa kinapepesa haraka mno, na ufuatiliaji wake ndio uliowapa wanafalaki shimo jeusi (kitu chenye mvutano ambao hata nuru haiponyoki) la kwanza wanaloweza kulinyoshea kidole. Riccardo Giacconi, kiongozi wa kazi hiyo, alipata Nobeli mwaka 2002. Na wanafalaki mpaka leo wakitaja vyanzo vile huvianza kwa 4U: orodha ya nne ya Uhuru. Yaani mtu aliye Japani au Chile, asiyejua hata kusema jambo, anaandika herufi ya neno la Kiswahili kila anapoitaja nyota ile.

Tulipokuwa wadogo tulipelekwa kuitazama nguzo ya Vasco da Gama mara ngapi sijui. Habari za Uhuru nilizipata ukubwani, nikisoma peke yangu. Nguzo ina kibao. Hili jingine hata kijana wa video alidhani namtania.

Lakini sikuileta Uhuru hapa kwa ajili ya fahari. Nimeileta kwa sababu iliingia moja kwa moja kwenye lile swali la mwisho wa ulimwengu.

Swali lenyewe, kwa muda mrefu, lilikuwa la mizani. Ulimwengu unaumuka, lakini kila kilichomo ndani yake kinavutana. Kama maada ni nyingi, mvutano utashinda siku moja, kuumuka kutakoma, na kila kitu kitarudi kukunjana. Kama ni chache, kutaendelea milele. Kwa hiyo ukitaka kuujua mwisho, upime uzito. Fritz Zwicky alishaona mwaka 1933 kwamba galaksi zilizokusanyika katika kundi la Coma zinakwenda mbio kupita kiasi. Kwa uzito wa nyota zinazoonekana peke yake zingekuwa zimeshatawanyika zamani. Kuna kitu kisichoonekana kinachozishika. Uhuru ndiyo iliyoonyesha kwamba katikati ya galaksi za makundi kama hayo kumejaa gesi yenye joto la mamilioni mengi ya nyuzi, gesi ambayo uzito wake unazidi wa nyota zote za galaksi hizo. Na gesi ya moto namna hiyo ingetoroka kama isingeshikwa na mvutano mkubwa kuliko wake yenyewe. Ikawa njia mpya ya kupima: gesi ni sehemu gani ya uzito wote? Miaka ya 1990, kwa darubini za eksirei zilizoifuata Uhuru, jibu lilitoka. Gesi ilikuwa sehemu kubwa mno ya uzito wa makundi yale, na ukilinganisha na kiasi cha maada ya kawaida kilichopikwa mwanzoni, maada yote kwa jumla haitoshi kuusimamisha ulimwengu. Haifiki hata nusu.

Kisha 1998 ikaja habari ambayo wengi hawakuitarajia. Timu 2, moja ya Saul Perlmutter, nyingine ya Brian Schmidt na Adam Riess, zilikuwa zinapima supanova, yaani nyota zinazolipuka, za mbali sana, ili zijue kuumuka kunapungua kwa kiasi gani. Wakakuta kunaongezeka. Kuna kitu kinachousukuma ulimwengu, kikaitwa nishati ya giza, jina ambalo maana yake hasa ni kwamba hatujui. Kwa hesabu za leo ulimwengu una miaka bilioni 13.8, nishati ya giza ni kama asilimia 68 ya vyote, maada ya giza, kile kisichoonekana alichokigundua Zwicky, kama 27, na vitu vyote tunavyovijua, nyota, bahari, nguru na wavuvi wake, ni kama 5 zilizobaki. Hali ikiendelea hivyo, mwisho ni baridi na upweke: galaksi zinapotea moja moja kutoka upeo wetu, na baada ya miaka trilioni 100 hivi nyota mpya zinakoma kuzaliwa.

Hapo sasa nirudi kwa yule msemaji wa video, na kwa wenzake ambao ni wengi. Kurani, katika Surat Al-Anbiyaa, inataja mbingu na ardhi kuwa ziliambatana kisha zikabanduliwa, na sura hiyo hiyo, kuelekea mwisho wake, inataja siku mbingu zitakapokunjwa kama zinavyokunjwa karatasi za maandishi. Aya ya kwanza imebandikwa kwenye Mlipuko Mkuu. Ya pili ilibandikwa kwenye nadharia ya ulimwengu kukunjana. Nadharia ile ilipodhoofika mwaka 1998, waliobandika walifanya nini? Walinyamaza, wakaendelea na ile ya kwanza. Naona huko ni kuivunjia aya heshima, kuifunga kamba kwenye chombo ambacho mwenyewe hujui kama kitafika bandarini. Na tazama sasa: mradi wa DESI, unaopima mamilioni ya galaksi kutoka mlima Kitt Peak huko Arizona, ulitoa matokeo mwaka 2024 na tena 2025 yanayoashiria kwamba nishati ya giza huenda inapungua nguvu. Bado hayajafika kiwango ambacho wanafizikia hukiita ugunduzi. Yakifika, habari za kukunjana huenda zikarudi mezani, na nina hakika video zitarudi pia.

Lemaître aliliona hili mapema. Mwaka 1951 Papa Pius XII alitoa hotuba iliyoisifu sayansi ya mwanzo wa ulimwengu kama ushuhuda wa uumbaji. Padri yule, ambaye ungemtarajia ashangilie, hakufurahi. Hakutaka imani yake itegemee hesabu zake, wala hesabu zake zipate kibali cha imani. Na sisi hatuhitaji kwenda Ubelgiji kuipata hekima hiyo. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika kuwapinga wanafalsafa alitanguliza onyo: kupatwa kwa jua na mwezi kumethibitishwa kwa hesabu, na anayedhani kukanusha hilo ni kuitetea dini, huyo ndiye anayeidhuru. Baada ya hapo ndipo akaingia ulingoni kupinga dai lao kwamba ulimwengu ni wa milele, na hakupinga kwa kelele. Alisema: jua humaliza mzunguko wake kwa mwaka 1, sayari ya Zohali kwa miaka 30. Kama hakukuwa na mwanzo, vyote viwili vimeshazunguka mara zisizo na idadi. Vipi vilingane, na kimoja kimezidi chenzake mara 30? Mwanafalsafa Ibn Rushd akaja kumjibu vizazi vilivyofuata. Na karne ya 19 mwanahisabati Georg Cantor akaonyesha kihesabu kwamba visivyo na idadi vinaweza kulingana hivyo hivyo. Hoja ya Ghazali ikashikwa pembe baada ya miaka karibu 800. Kwangu hiyo ni sifa yake. Hoja ya video ya kijana haitashikwa hata ipewe miaka 8,000.

Jirani yangu mwalimu wa fizikia asicheke lakini. Naye ana lake. Anapenda kusema sayansi imeshaeleza ulimwengu ulivyoanza. Haijaeleza. Imeeleza vizuri sana kilichotokea baada ya kuanza: kwa nini heliamu ni kama robo ya uzito wa maada ya kawaida, kwa nini lile joto la kelvini 2.7 lina madoa madogo madogo yaliyopimwa na setilaiti za COBE na Planck, na kwa nini galaksi za mbali ni changa. Lakini penye sekunde ile ya kwanza kabisa, ndani ya sehemu ndogo ya sehemu ndogo yake, nadharia ya Einstein inaleta majibu yasiyo na maana. Ukisema umevuka hapo, sema ulivuka kwa chombo gani.

Hata kasi ya kuumuka yenyewe bado haijaafikiwa. Wanaopima kwa nyota na supanova wanapata kama kilomita 73 kwa sekunde kwa kila megaparseki, yaani kwa kila miaka ya nuru milioni 3.26. Wanaopima kwa joto la mwanzo wanapata kama 67. Kila upande umerudia kazi yake mara nyingi na haurudi nyuma. Nilimweleza nahodha hili siku moja, nikaona ameshaelewa kabla sijamaliza. "Ukitia bildi ukapata pima 12," alisema, "na mwenzio pale pale akapata 11, ama kamba ya mmoja wenu ina kasoro, ama chini kuna kitu hamkijui." Sijasoma pahali popote maelezo mafupi kuliko hayo.

Ijumaa iliyofuata ya Jamhuri tulikutana tena, nikaomba jambo moja tu: kila mwenye lake aseme ni kitu gani, kikionekana kesho, atakubali ameshindwa. Mwalimu alijibu haraka, akasema ikipatikana nyota iliyopimwa bila shaka kuwa na umri unaozidi wa ulimwengu, atafunga daftari. Ustadh alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mimi imani yangu sikuitia kwenye darubini, kwa hiyo darubini haina la kunitoa. Lakini huyo wa kwenye video simo naye." Muuza vipuri alisema anafikiria. Bado anafikiria. Kijana aliangalia simu yake.

Kulikuwa hakuna mwezi, na taa za barabarani zinaharibu anga, kwa hiyo tukashuka mpaka ufuoni. Nahodha alisimama, mkono kwenye fimbo, akakitafuta Kilimia, lile kundi la nyota, na kukikuta mara moja, juu upande wa kaskazini. Mwalimu alisema nuru ile iliondoka huko yapata miaka 440 iliyopita, Ngome ya Mombasa haijajengwa bado. Kisha akatuelekeza chini yake kushoto, pahali peusi, tutafute kijiwingu. Mimi sikukiona. Mwalimu akatwambia tusikikazie macho, tutazame pembeni yake kidogo. Kijana ndiye aliyekiona kwanza, akashika mkono wa Ustadh kumwonyesha. Ile, mwalimu alisema, ni galaksi ya Andromeda. Nuru yake imesafiri miaka milioni 2 na nusu.

Nahodha alikitazama kwa muda.

"Miaka ya jua au ya mwezi?" aliuliza.

Mwalimu akamwomba kijana simu apige hesabu.